Nilivyochagua bastola Doha na uzee wangu: ile ndogo isikudanganye

Wakuu hamjambo. Wadogo, shikamoo zenu nimepokea hata kama hamjatoa.

Mimi ni kukhu, yaani nyanya wa watu, wa kule Trans Nzoia. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya, someni kwa sauti, mtaelewa. Uongo sina. Uongo unataka kichwa cha kukumbuka ulisema nini jana.

Basi.

Miaka hiyo Doha ilikuwa imechimbwa kila mahali. Unalala barabara iko huku, unaamka iko kule. Nilikuwa kwa mwanangu Barasa, Al Wakrah, mji wa kando ya Doha. Yeye ni mtu wa kompyuta kwa ofisi, bibi yake Nafula ni nesi, shifti juu ya shifti.

Niliitwa nikae kidogo tu, "Mama, uje uone bahari." Bahari niliiona wiki ya kwanza. Baada ya hapo visa ikaongezwa, ikaongezwa tena, na mimi nikaendelea kupika uji wa mapacha wao.

Sikatai, mapacha ni watamu. Lakini nilitaka nyumbani. Nina shamba, nina ng'ombe, nina kaburi la mzee wangu linataka kufyekwa.

Kila nikitaja kurudi, Barasa anasema, "Mama, wezi walivunja kwa jirani. Utakaa peke yako na nini?"

Na kweli walivunja. Walichukua ng'ombe, jirani wakamfunga kamba jikoni kwake mwenyewe.

Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Basi nitanunua bastola."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nikamngoja amalize.

"Sawa Mama," akasema. "Siku utajua kupiga bastola, mimi mwenyewe nakukatia tikiti, uende ukatafute leseni yako."

Nafula alikuwa hapo akasikia. Wakuu, shahidi ni muhimu.

Sasa msinielewe vibaya. Bastola niliitaka ya kwetu Kenya, na leseni. Doha haiuzwi kama sukari, na sikutaka kesi ugenini. Lakini nje ya mji kulikuwa na uwanja wa shabaha. Mgeni analipa, anapewa bunduki yao na mwalimu, akimaliza anaiacha hapo hapo. Na mwalimu mmoja alikuwa Mtaita, polisi wa zamani, tunasali naye Ijumaa. (Kule kanisa ni Ijumaa, Jumapili watu wako kazini.) Tumwite Mwadime.

Tukaenda. Nafula akabaki na mapacha. Barasa akaendesha gari akipiga mluzi, maana kwa kichwa chake alikuwa ameshashinda.

Kwa meza nikaona moja ndogo, nzuri, inaingia kwa kiganja.

"Mimi ni hii," nikasema. "Hata kwa pochi inatoshea."

Mwadime akasema, "Kila mama huchukua hiyo."

"Kwa nini?"

"Piga kwanza, Mama."

Hiyo kitu wakuu! Kabla ya kupiga lazima uvute chuma cha juu kirudi nyuma, ukiachilie. Nikavuta, kikakataa. Vidole vyangu vina baridi ya mifupa. Mwadime akavuta yeye. Nikapiga. Ikaruka mkononi kama jogoo aliyeona kisu. Kiganja kikawaka moto. Risasi ilienda wapi Mungu anajua, karatasi ya shabaha haikuguswa.

Barasa akaniuliza polepole, "Mama, turudi?"

"Rudi wewe."

Hapa niwaeleze vile nilielezwa. Ndogo ni nyepesi, kwa hivyo ile nguvu yote inakuja kwa mkono wako. Nzito inameza nguvu yenyewe. Na ndogo haina pa kushika, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Watu wanamnunulia mama ndogo kwa sababu mama ni mdogo. Ni kama kumpa mtu mfupi jembe fupi. Atainama zaidi.

Akanipa ya pili, ile ya gurudumu la risasi linalozunguka katikati. Hakuna chuma cha kuvuta, nikafurahi. Kumbe triga yake ni ngumu, nikibonyeza mkono wote unatetemeka. Nikasema hii mwizi atakunywa chai akiningoja.

Ya tatu ilikuwa ndefu, imekaa kama nyundo, lakini inakula risasi ndogo.

"Hiyo ni ya askari, Mama," Barasa akasema.

"Askari alizaliwa na nani?"

Mwadime akanifundisha nisivute kwa vidole. Shika chuma cha juu kwa kiganja chote, karibu na kifua, halafu mkono ule mwingine usukume bastola mbele. Kusukuma! Mtu amesonga ugali maisha yake yote. Ikafunguka.

Shida ikabaki macho. Nikivaa miwani naona ncha ya bastola, karatasi inapotea. Nikivua naona karatasi, bastola inapotea.

"Vaa, uangalie ncha," Mwadime akasema. "Karatasi iache iwe ukungu. Haina miguu."

Nikapiga. Nikapiga tena. Matundu yakakaa pamoja kama watoto walioona mbwa.

Barasa naye akataka kujaribu. Alifunga macho. Siendelei, ni mtoto wangu.

Mwadime akamwambia, "Kaka, huyu akifanya mazoezi, mtihani wowote anapita."

Kurudi hakukuwa na mluzi. Tukafika mahali pamechimbwa, magari yamesimama. Nikamwambia tikiti yangu aanze kuitafuta.

Akazima injini.

Halafu akasema, akiangalia mbele tu, "Mama, sasa nani atabaki na watoto?"

Magari yakasonga, akawasha tena.

"Kwa nini hukuniomba?" nikamuuliza.

"Nikikuomba utakaa. Utakaa mpaka ufie hapa na hutasema kitu. Nikaona heri wezi wakuzuie, si mimi."

Nilimshika bega.

Tulikubaliana nikae mpaka mapacha waanze shule, na tikiti akakata kweli. Nilipofika nyumbani leseni ilinizungusha lakini nilipata. Bastola yangu ni nzito kama ile ya tatu, inalala kwa sefu, na sijawahi kuielekeza kwa mtu. Nashukuru.

Somo ni hili. Ukimchagulia mama bastola, mpeleke aishike yeye, usichukue ndogo kwa sababu yeye ni mdogo. Lakini kabla ya hapo muulize anaogopa nini, na wewe useme unaogopa nini. Sisi tulianza na bunduki.

Sasa semeni na nyinyi. Anayetaka kujua inauzwa wapi apite, hapa si sokoni. Lakini nyinyi mlio ughaibuni, mama yuko jikoni anapika uji wa watoto wenu: mlimuuliza lini kama anataka kurudi?