Milimita na Viatu vya Mstari Mwekundu

Mjomba wangu ni fundi vigae, mtaani wanamwita Milimita. Kigae kikipinda upana wa unywele anakibandua, hata kama mwenye nyumba ameshahamia na anaoga. Tulimcheka sana. Kisha Parkinson ikamkuta, na ugonjwa huo hauna adabu: mikono inatetemeka, na miguu inaganda katikati ya safari kana kwamba kakanyaga gundi yake mwenyewe.

Kliniki ikamwazima viatu vya ajabu. Akikanyaga, kiatu kimoja kinapiga mstari mwekundu wa taa sakafuni, mbele ya mguu wa pili. Mguu ukiuona mstari, unauvuka. Mjomba akawa anazunguka nyumbani kama bwana harusi.

Sasa, jozi ni moja na wanaoihitaji ni wawili. Mwenzake ni dereva mstaafu, mdomo kama honi. Mtaalamu wa mazoezi akaamua: wote watembee koridoni bila viatu hivyo, atakayekwama zaidi apewe.

Njiani kwenda kliniki, mke wa mjomba akamwambia, "Mume wangu, leo usijitie ujana. Ganda kama unavyoganda jikoni."

"Nimesikia."

Dereva akaanza. Hatua ya pili akakumbatia ukuta, akaguna kama lori bovu. Alikuwa anaigiza, kipofu angeona. Mtaalamu hakuona.

Mjomba akainuka. Koridoni kote vigae, na mistari yake imekatiza njia, mmoja baada ya mwingine, hadi dirishani. Macho chini, miguu ikaivuka mmoja mmoja, raha mustarehe.

"Hongera mzee," mtaalamu akasema.

Mkewe akadakia, "Ni hiyo mistari ya vigae inamsaidia. Kwetu sakafu ni saruji tupu, anaganda."

"Heh," dereva akasema. "Fundi vigae kwake hana hata kigae cha kukanyagia?"

Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko, mpaka mfagiaji.

"Mzee, ni kweli nyumbani unakwama?" mtaalamu akauliza.

Mjomba akamtazama dereva, akatazama benchi. "Kwangu natembea hivi hivi."

Dereva akaondoka na viatu kwapani.

Jioni mjomba akavuka kizingiti cha nyumba yake. Sakafu ya kijivu, tupu. Miguu ikagoma.

"Mke wangu, nishike kidogo."

"Si unatembea hivi hivi?"

"Nataka kwenda chooni."

Mkewe akampita kwa ubavu, akaenda jikoni. "Ngoja nimalize vyombo."