Uzi Mwekundu Kwenye Kikombe

Mtori ukianza kushika chini ya sufuria, mimi hukasirika kabla sijajua kwa nini. Watu wa nyumbani kwangu hudhani nachukia chakula kuharibika. Siyo hivyo. Harufu ile ya ndizi zinazoungua hunirudisha jikoni kwa Bibi, huko juu ya Moshi, mwaka ambao tulikuwa watatu nyumbani na wawili kati yetu walizungumza kupitia kwangu. Nitawasimulia, ila msinitarajie niwe mpole.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alirudi kutoka safari zake amekonda, akalala, hakuinuka tena. Tulimzika kihambani, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, na Bibi akapanda mimea ya masale kuzunguka kaburi. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Watu wetu, wanaojua kwa jina hata ng'ombe wa jirani, waliuita "ule". Mficha maradhi kifo humuumbua, nao walilijua hilo, na bado walinyamaza. Kisha Mama naye akaanza kukohoa, na Bibi akapata wa kumlaumu.

Bibi alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Siku moja alichomoa uzi kwenye sweta langu jekundu la mitumba, nikiwa nimelivaa, akaufunga kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati.

"Hiki ni cha mama yako," alisema. "Mwambie asiguse kingine."

Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Nikageuka, nikamwambia.

Majirani walikuja kufariji, wakakaa karibu na mlango wa kutokea. Nawachukia hadi leo, na wengine wao tunasalimiana vizuri tu. Mmoja alimshauri Mama atubu dhambi zake kwenye mkutano wa injili kule Pasua, kwani waliotubu walikuwa wanapona. Mama akaenda, akasimama juani kutwa nzima, akarudi amejaa vumbi.

"Wameniambia nimepona," alisema akivua viatu. "Ila kifua hakijaambiwa."

Wiki hiyohiyo Bibi alinipa ujumbe mwingine wa kupeleka. Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo wangekaa kikao nyumbani kwetu. Mama angerudishwa kwao Kahe. Mimi ningebaki.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua dawa moja tu. Kwetu mtu aliyekosa huchuma jani la isale, mmea uleule wa kaburini, akampelekea aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Nilishamwona baba yangu mdogo, mkorofi wa kupindukia, akimletea Bibi jani moja, na Bibi, aliyekuwa ameapa kutomsamehe hadi kaburini, akamkaribisha chakula huku amenuna. Kwa akili yangu, jani ndilo lililofanya kazi. Basi Jumamosi nikachuma mawili pale kaburini kwa Baba. Moja nikampa Mama, nikamwambia limetoka kwa Bibi. La pili nikampa Bibi, nikamwambia limetoka kwa Mama. Nikakaa jikoni kungoja amani.

Mama aliingia amevaa kitenge chake cha kanisani, jani mkononi. Bibi alikuwa kwenye kigoda, jani mapajani, na mtori motoni. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu mkarimu.

"Nimekusamehe," walisema, karibu kwa pamoja.

Bibi akauacha mwiko kwenye sufuria.

"Umenisamehe nini?" Bibi aliuliza.

"Si umeniletea isale, Mama?"

"Mimi? Nikuletee isale wewe, uliyemuua mwanangu?"

Yaliyofuata siwezi kuyaandika yote. Walitoleana maneno ya miezi yote waliyokuwa wamenyamaza, hadi mtori ukashika, ukaungua, moshi ukajaa jikoni. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikasema nimechuma kwa Baba. Bibi akanizaba kofi lililonifanya nione nyota.

"Usimpige," Mama alisema. "Hata mtoto ameona kuna kosa la kuombewa radhi humu ndani. Sisi tumekuja kusamehe tu. Nani ametubu?"

Bibi akatoka nje.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilimwona akienda mpakani mwa kihamba na kisu. Alirudi na jani alilolichuma mwenyewe. Mama alikuwa jikoni anakunywa mtori kwenye kikombe chake. Bibi akapiga magoti. Sikuwahi kuona mama mkwe akimpigia magoti mkamwana, wala sijaona tena.

"Ni mwanangu aliyeuleta," alisema. "Aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Nilijua, nikakutupia wewe."

Mama alilitazama lile jani. Nilidhani hatalipokea. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Sitapona, Mama."

"Najua. Siwezi kukuombea uongo. Lakini hapa huondoki. Ukifa utazikwa kando yake, na huyu mwanao Elifuraha atasoma."

Kisha akachukua kile kikombe mkononi mwa Mama, kikiwa bado na uzi wake, akanywa mtori uliobaki wote. Akajifuta mdomo, akaniambia nikavae viatu, tutachelewa ibada. Wazee wa ukoo walipofika mchana, aliwaambia kikao hakipo, wanywe pombe yao ya mbege warudi makwao.

Msidhani nyumba iligeuka mbinguni. Waligombana juu ya chumvi na juu ya kuni, sasa wakiwa ana kwa ana. Mama aliishi hadi kahawa ya mwaka uliofuata ilipoiva, akazikwa pale alipoahidiwa, na mimi nikasoma.

Siku ile ya kikombe nilimkasirikia Bibi. Mgonjwa anakula kidogo, halafu yeye anammalizia! Nilimwona mlafi. Na miaka iliyofuata, kila alipokohoa, aliniita akanionyesha kwa kidole sehemu ya kihamba ambako angetaka alazwe, nami nilichoka na uzee wake huo wa kujitafutia kaburi.

Nilikuwa mtu mzima, Bibi ameshazikwa kwa uzee wake tu, nilipomsikia muuguzi akiwaeleza kina mama kliniki kwamba ule ugonjwa haupiti kwenye kikombe. Nililijua hilo tangu shuleni. Lakini siku hiyo ndipo nilipokumbuka kwamba kihambani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia Bibi. Asubuhi ile aliamini anakunywa kifo chake, na hakuacha hata tone.