Gari la Makala

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka wakati nanyoa ndevu, najikata. Ni siku ya salon, yale maonyesho ya magari mapya huku Ulaya, pale Heysel, miaka ya tisini, nami nataka kumwoa Béa wa mtaa wa Koekelberg. Baba yake, Papa Kalenga, aliyeyusha shaba kule nyumbani Likasi mpaka nyusi zikaungua. Hazikurudi, masikini.

Nilikuwa nimemdanganya mzee kwamba natengeneza magari ya mbio ya Waitaliano. Kweli yake, nilikuwa nayapangusa alama za vidole. Njia ya mwongo ni fupi: mzee akaja na binti yake kuona kazi yangu.

Akaligonga gari jekundu kwa kidole. "Hii haina chuma. Munatengenezaka na nini?"

Neno moja tu nilikuwa nimelisikia pale. "Carbone, papa."

"Donc, ni nini hiyo?"

"Donc makala. Tunatwanga makala, tunatia maji, tunafinyanga."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tunapaka rangi, papa."

"Alors moto ikishika, munachoma nyama?"

Béa akageukia ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Mzee hakunibishia. Akamwendea Mwitaliano aliyesimamia gari lile, akavua kofia. "Monsieur, mi sijui. Unifundishe."

Yule akafurahi, akatoa kitambaa cheusi kilichofumwa kama mkeka. Hiyo ndiyo carbone! Mchoraji anachora umbo, wanalichongea kalibu, wanatandika kitambaa na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha wanakipika kwenye tanuru. Kusikia tanuru, mzee akamshika mkono kama ndugu aliyepotea. Ndipo Mwitaliano akaniona. "Wewe! Kuna kidole hapa, pangusa!"

Nikapangusa. Kidole chenyewe cha mkwe.

"Kupangusa haina haya," Papa Kalenga akaniambia. "Mi nilianza na kufagia. Lakini nikikupa mutoto yangu, siku moja akuulize homa ya bébé inatoka wapi, utamujibu makala?"

Dimanche, Jumapili ile, nikaenda kwao kuposa. Hakunikaribisha kiti.

"Ndoa ni nini?"

Nilikuwa nimekariri maneno mazuri njia nzima, ndani ya tram. Yote yakayeyuka.

"Sijui, papa."

"Bon. Ikala, ukule." Akacheka, akanisogezea kiti na sahani.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufinyanga makala mbele ya mtu wa tanuru. Usilolijua liseme mapema, kabla halijakusemea lenyewe. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na wakwe wenye kucheka kwanza.