Vibano vya Chumba cha Barafu

Juzi nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, nikaletewa habari kuwa fundi mwenzangu wa siku nyingi amefariki na ameshazikwa. Kahawa ikanipoa mkononi. Nyinyi mnaonisoma mnanijua: nilianza kwa kuwabebea mafundi ngazi, leo mimi ndiye ninayeitwa taa za wakubwa zikizimika, na sioni haya kulisema hilo. Lakini lipo jambo moja ambalo sijapata kulisema.

Miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi nilipewa kazi ya kutia umeme wa jenereta katika chumba cha barafu cha wavuvi, kule Mkokotoni. Watu wangeingia mle miguu mitupu, sakafu imerowa, kwa hivyo waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme ardhini pakitokea hitilafu, ulitaka kubanwa barabara kwenye ufito wa shaba, kisha pale ulipobanwa pafunikwe kwa zege la msingi. Vibano nilivichagua mwenyewe, vinang'ara kama sinia la harusi, nikajisifu njia nzima. Siku ya zege kijiji kizima kilitoka msaragambo, makarai vichwani, nami juu ya rundo la kokoto natoa amri. Marehemu alikuwa ndani ya shimo. Akaomba boksi la vibano, akalisoma. Akachota mchanga wa zege, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaniita nishuke.

"Bwana, mchanga huu una chumvi," aliniambia kwa sauti ya chini, "na hivi ni chuma kilichopakwa zinki. Vitalika humo ndani na hapana atakayeona. Boksi lenyewe linasema ni vya mahali pakavu."

Nikamwambia boksi nimeliona.

"Umeliona. Hukulisoma."

Kweli. Kizungu sikijui, na hata Kiswahili wakati ule nilikuwa nakisoma kwa kubahatisha. Huko juu watu wameshaanza kunung'unika kuwa zege linaganda na ubwabwa unapoa. Mzee wa kamati, alipoona kazi imesimama kwa ajili ya vibano, akauliza ni fundi gani anayekosea mbele ya kadamnasi. Nilijua jina langu likiharibika pale, Unguja nzima sitapata kazi tena. Marehemu akapanda, akajipangusa mikono.

"Ni mie, mzee wangu. Bwana alinituma vya shaba, nami nikachukua hivi. Zege mwageni upande wa pili, hapa tuachieni mpaka kesho."

Wakamcheka mpaka nadhani Tumbatu walisikia. Nami, na mdomo wangu huu, nikanyamaza.

Kesho yake tulirudi na vibano vya shaba, bolti zake za shaba, vilivyotengenezwa vifukiwe. Akavikaza mwenyewe, tukafunika. Hapana aliyepigwa na umeme mle hadi leo, na sifa nimezila mimi. Nikenda kisomo cha watu wazima, nikabanana dawatini na wakwe zangu.

Siku hizi majumba yanapanda, na vijana wetu wanashindana kwa taa za darini. Kazi iliyomo ndani ya zege haina wa kuisifu, na haina wa kuirekebisha. Basi kitu cha kufukiwa kisomeni kwanza. Asiyejua kusoma aulize, japo watu wanatazama. Nanyi wa Mkokotoni, nasikia kichekesho kile cha fundi aliyechukua vibano sivyo bado mnakisimulia. Kirekebisheni: aliyekosea siku ile ni mimi.