Jinsi Dereva Alivyorudi

Hakuna msimulizi aliyewahi kuniudhi kama dada yangu mkubwa, na hakuna ninayemstahi kumzidi. Kila mwaka mahindi yakishavunwa alichukua magunzi, akayavisha vitambaa, akatutolea watu: mwalimu, mwenye duka, wachumaji wa majani chai, na juu ya wote, Dereva. Magunzi yalioza au yakaliwa, lakini wengi wa watu wale hawakuisha. Mavuno yaliyofuata walirudi na nguo mpya, na hadithi ikaendelea nyuma ya jiko letu, nje kidogo ya Litein.

Dereva alikuwa kipenzi cha wote. Aliendesha lori la majani, bodi yake bati la debe, magurudumu yake ndala za patapata zilizokwisha, na hakuna tope lililomshinda njiani kwenda kiwandani. Ila dada alikuwa ameweka sheria tangu akiwa mdogo: Dereva ni mwanamume, kwa hiyo anashikwa na mvulana. Basi alishikwa na binamu yangu, mwaka nenda mwaka rudi, tena akimwendesha ovyo. Mimi, msichana, nilipewa wachumaji. Nilichuma majani yale hadi nikayachukia. Kumshika Dereva nilikutamani kuliko soda ya Krismasi.

Kisha dada akamuua. Alasiri moja alitutangazia tu kwamba daraja limevunjika na Dereva hakutoka mtoni. Tulidhani anatania. Binamu alilia waziwazi, na watoto wa majirani waliohamia kutoka Kisii wakasema hawatakuja tena kucheza kwetu. Tulimzika kando ya michai kwa wimbo wa kanisani. Mimi nilikasirika kuliko wote, maana nilikuwa namzika mtu ambaye sikuwahi kumshika.

Mavuno yaliyofuata alituudhi zaidi. Alileta gunzi dogo ndani ya kitambaa chekundu, akasema huyu ni mtoto mchanga, msichana, na leo tutamtafutia jina. Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama huyataja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Wakati mwingine humsaidia kwa ugoro kidogo. Dada alimweka mtoto mapajani mwangu, akaketi karibu nami kabisa, akaanza kuwaita marehemu wetu wa magunzi. Akamwita mwalimu. Kimya. Akamwita mwenye duka, yule aliyeliwa na mbuzi. Kimya. Akapitisha kidole karibu na pua yangu, akamwita Dereva, nami nikapiga chafya iliyowatoa kuku jikoni.

Hapo zogo likaanza. Binamu alisema gunzi ndilo lililopaswa kupiga chafya. Wengine wakasema aliyezikwa amezikwa, na kama anaweza kurudi hivi hivi, basi tulilia bure. Hata mimi nilibisha: Dereva wangu alikuwa na kofia na mluzi, huyu hata meno hana. Dada alitusikiliza kama mtu anayengoja maji ya chai yachemke. Tulipochoka akasema mtoto amekua, lori limejaa, na majani yananyauka. Binamu akaapa kwamba yeye hashiki msichana.

"Sawa," dada akasema. "Sheria ni ileile. Msichana anashikwa na msichana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amevunja daraja, akamwangamiza mtu bora kuliko wote aliowahi kutengeneza, na akavumilia matusi yetu mwaka mzima, yote kwa ajili yangu. Angeweza kunikabidhi Dereva siku yoyote, lakini binamu angeninyang'anya jioni hiyo hiyo. Chafya yangu hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Nimesoma waandishi wengi tangu wakati huo, na bado sijaona mpango mzuri kama ule.

Nikaliondoa lori. Pale penye majimaji ya kuoshea vyombo likakwama, kila mtu akitazama. Binamu alikuwa amesimama kando amenuna. Kisha akaja akachuchumaa nyuma ya lori.

"Lori ya majani haiendi bila turnboy," akasema, akasukuma kama utingo wa kweli.