Mistari Minne ya Mwamvua

Mwamvua ni jirani yangu hapa Rudewa, na sitaki kudanganya: namwonea wivu. Babu yake alikuja kukata mkonge wa watu. Sisi tuko hapa tangu enzi. Lakini ilipokuja mbolea ya nano, ile ya maji inayopuliziwa kwenye majani, bwana shamba Kasiani alipita mlangoni kwangu bila hata kusimama, akaenda kumchagua yeye aijaribu.

Basi akaringa. Glavu mikononi, barakoa usoni, kizibo kimoja cha mbolea kwa bomba zima la maji, asizidishe. Akiniona ananieleza kwamba chembe zake jicho halizioni, kwa hiyo tusiipapatikie kabla ya kuijua. Nikajisemea, kipya kinyemi. Mistari minne ya mahindi aliambiwa asiitie mbolea yoyote, ili ilinganishwe na mingine. Tofauti ikionekana, kikundi chetu kizima cha wakulima kitaletewa, na yeye ndiye atakayetufundisha. Mimi nifundishwe na Mwamvua!

Mwezi wa nne akafiwa huko Kidete. "Mama Happyness, niangalizie mahindi, ngedere wasije wakayamaliza," akaniambia, akaondoka. Siku ya pili nilichukua mbolea yangu ya kukuzia, ile ya chenga nyeupe, nikaitia kwenye mistari yake minne, shina kwa shina. Nilitaka tofauti isionekane, asije akanifundisha. Mvua ikanyesha, na baada ya wiki tatu shamba zima lilikuwa kijani kimoja.

Kasiani akaja na daftari lake. Alitazama huku na huku, akakuna kichwa.

"Kumbe haina faida," akasema, akatoa kalamu. Nilifurahi, nasema kweli.

"Usiandike," Mwamvua akamwambia. "Hii minne imetiwa mbolea nikiwa msibani, nilizikuta chenga. Ukiandika haifai, utawanyima watu. Ukiandika inafaa, umebahatisha. Jaribio limeharibika mikononi mwangu, mpe mwingine."

"Nani aliitia?"

Alinitazama mara moja tu, mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikijifanya nang'oa majani.

"Sikuwepo," akajibu.

Jaribio likahamishiwa Ulaya, kijiji cha hukuhuku wilayani kwetu. Kesho yake Mwamvua alinisalimu kama siku zote. Ningekuwa mimi, ningemtaja kabla Kasiani hajamaliza kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mbolea yenyewe.