Kiu ya Wifi

Wifi yangu alikuwa na miezi minne tu tangu kaka yangu amtoe Mulenge, kule juu ambako watu hulala na blanketi mbili, akamleta kwetu Uvira. Mavuno ya mpunga yalipofika tulikwenda wanne shambani kwetu Runingu: baba, kaka, yeye na mimi. Jua la bonde la Ruzizi halina mzaha. Ikifika saa nne asubuhi, ardhi inakuchoma kupitia kandambili.

Maji tuliyochemsha nyumbani yalikuwa kwenye bidoni, na bidoni ilikaa kibandani, miguuni pa baba, ambaye goti lilikuwa likimsumbua. Aliyesikia kiu alikwenda akajimiminia. Wifi hakwenda. Alivyofundwa na mama yake, mke mgeni hali wala hanywi mbele ya baba mkwe. Maji ya mfereji wa shambani tulikuwa tumemkataza sisi wenyewe kwa hofu ya kipindupindu. Yote hayo niliyajua. Niseme ukweli, nilikuwa pia nimemchoka, kwa sababu nyumbani kila mtu alimsifu kwa heshima yake, na mimi binti wa nyumba nikaonekana sina haya.

Kwenye saa sita aliniita pembeni.

"Wifi, uniletee mayi huku nyuma ya mupunga. Minye naona haya kwa baba."

Nilicheka. "Weye si bibi-arusi tena. Mayi iko pale, wende ujichotee."

Akainama, akaendelea kukata. Nilikusudia kumpelekea baadaye, akishaonja aibu kidogo. Halafu nikasahau.

Alipoinuka tena, uso wake ulikuwa mkavu, hauna tone la jasho, nami nikadhani hatimaye amelizoea jua letu. Kisha akaanza kuwaita ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja kwa jina, katikati ya mpunga, akaanguka. Baba alimgusa paji la uso akasema ni palu, yaani malaria. Kwetu mwili ukichemka, jibu ni palu. Tulimlaza kibandani, tukamfunika vikwembe vitatu, na kaka akakimbia kutafuta pikipiki. Mimi ndiye niliyebana pindo za vikwembe ili upepo usipenye.

Muuguzi wa kituo cha afya alivivuta vikwembe vile kwa hasira. Alisema ni jua na kukosa maji. Tulipaswa kumvua nguo nzito kivulini, kummwagia maji mwilini, hata yale ya mfereji, na kumpepea bila kukoma huku tukimkimbiza kwake. Alieleza polepole, kama anayefundisha darasa, wakati yule tuliyekuwa tukifundishwa kumwokoa alikuwa anakata roho. Alifariki kabla ya jua kuzama.

Siku za joto kali mimi humsikia akiita ng'ombe. Hujikuta nimesimama na kikombe kimejaa, nikitafuta wa kumpa, na naogopa.

Siku hizi tukianza kuvuna, baba hutoka kibandani bila kuombwa, akaenda kukaa mbali juani, ili wake za kaka zangu wapate kunywa. Mwaka huu nilimfuata nimrudishe kivulini. Alinishika mkono.

"Mutoto yangu, siku ile aliomba mayi kwa mutu?"

"Hapana, baba," nikasema. "Hakuomba."